Ua la zambarau linalonuka thomu: ni la kupambia tu, au linalika?

BintiNyali aliuliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwa wanajukwaa wote.

Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa mimea kuhusu mmea mmoja uliozua mjadala katika makazi yetu hapa Nyali. Kamati ya wakazi, ambayo mimi ni katibu wake, iliamua kuondoa nyasi za ukingoni mwa njia ya magari, kwa sababu zilikuwa zikikauka kila kaskazi inapovuma na kutugharimu maji mengi. Badala yake tukapanda mmea tuliouziwa kwenye kitalu cha kando ya barabara kuwa ni pambo lisilo na usumbufu. Umestawi kuliko tulivyotarajia. Majani yake ni membamba, marefu kiasi cha shibiri moja na nusu, yenye kijani kinachoelekea kijivu, na katikati ya kila kichaka huchomoza mabua yaliyonyooka, kila bua likibeba kishada cha maua madogo ya zambarau iliyopauka. Muuzaji hakujua jina lake; alituambia tu kwamba hoteli za ufukweni huupanda sana.

Tatizo, au pengine neema, ni harufu. Kijana anayetunza bustani anapopita na makasi, harufu ya thomu hupanda mpaka madirisha ya ghorofa ya pili, na baadhi ya wapangaji wamelalamika. Kijana mwenyewe anautetea mmea huu kwa sababu aliambiwa kwamba unafukuza nyoka. Mama mmoja wa jengo la nyuma amekwisha kuanza kuchuma majani na kuyakatia kwenye kachumbari, na jirani yake amemwonya kwamba maua yote ya namna hiyo yana sumu. Kamati imenituma nilete jibu la uhakika kabla ya mkutano ujao.

Kuna jambo jingine. Binti yangu anayesoma Uholanzi amenitumia picha za maua ya bustani za huko: mabua marefu yanayofika kifuani mwa mtu, na juu ya kila bua duara kamili la maua ya zambarau. Anasema ni jamii ya kitunguu, na kwamba anaweza kuniletea matunguu yake ndani ya sanduku atakaporudi likizo. Je, ndio mmea ule ule tulio nao? Utaota Mombasa? Na huu wetu ni wa kutazamwa au ni wa kuliwa?

MzeeWaBustani_Kizingo alijibu:

Wa aleikum salaam, Bi Katibu.

Kwa maelezo uliyotoa, na hasa kwa harufu hiyo, mmea wenu ni Tulbaghia violacea. Ukitaka kuhakikisha, chuma ua moja lililofunguka vizuri na ulitazame kwa karibu kwenye mwanga. Utaona kijibomba chembamba kinachofunguka kuwa ncha sita, na pale mdomoni mwa kijibomba utakuta vijinyama vitatu vidogo vilivyoinuka kuzunguka tundu. Taji hilo dogo ndilo linaloitenganisha Tulbaghia na vitunguu vya jenasi ya Allium, yaani kitunguu maji, saumu (ndiyo thomu) na jamaa zao, ambavyo maua yake hayana taji. Kisha fukua kichaka kimoja pembeni. Hutakuta tunguu la mviringo lenye maganda, bali vishina vifupi vilivyovimba, vilivyoshikana, na mizizi minene myeupe iliyojaa maji. Mizizi hiyo ndiyo siri ya mmea huu kustahimili kaskazi bila kunyweshewa kila siku.

Kwao ni Afrika Kusini, hasa mikoa ya Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Jenasi yake ilipewa jina la Ryk Tulbagh, gavana wa Kiholanzi aliyetawala Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1751 hadi 1771, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ndiye aliyempa heshima hiyo. Ninalitaja hili kwa sababu mara nyingi wateja hudhani kila ua la hotelini limetoka Ulaya. Huu ni mmea wa Afrika, na pwani ya KwaZulu-Natal inapakana na Bahari ya Hindi hii hii tunayoogelea sisi. Upepo wa chumvi na joto la kunata si mambo mageni kwake.

Picha za binti yako ni habari nyingine. Maua ya duara kubwa juu ya bua refu namna hiyo karibu kila mara ni Allium giganteum au ndugu zake wa karibu, na asili yao ni milima na nyika za Asia ya Kati, Iran na Afuganistani, mahali ambapo majira ya baridi hugandisha ardhi na kiangazi huikausha kabisa. Jenasi ya Allium ina spishi zaidi ya 700, na karibu zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Zile za mapambo zimezoea ratiba hiyo ya kwao: tunguu hulala kiangazi likiwa kavu, hupitisha majuma mengi ya baridi chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo ndiyo inayoliamsha litengeneze ua. Mombasa, hata usiku wa Julai kusi inapovuma, joto huwa karibu na nyuzi 20. Tunguu la Allium giganteum likizikwa Nyali litatoa majani kidogo, litasubiri baridi isiyokuja, na masika yakiingia litaoza. Wapo wanaoyaweka matunguu kwenye friji kwa majuma kadhaa ili kuyapa baridi ya bandia, lakini ua likipatikana huwa la mara moja, na kwa bei ya matunguu hayo ni afadhali ununue maua ya kukata.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya saumu ya Kenya ilimwe nyanda za juu kama Meru na Narok. Saumu nayo inataka baridi ili igawanyike kuwa punje. Kitunguu maji hakina masharti hayo; kinachokifanya kifunge tunguu ni urefu wa mchana pamoja na joto, ndiyo maana aina kama Red Creole hufanya vizuri Taveta na Loitokitok, kwenye jua kali.

Juu ya kubeba matunguu sandukuni, tafadhali mwambie binti asifanye hivyo. Mmea wowote wa kupandwa unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, kinachotolewa kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Si urasimu wa bure. Jamii ya vitunguu ina ugonjwa wa ukungu unaoitwa uozo mweupe, ambao vijipunje vyake hukaa udongoni miaka zaidi ya 20 vikingoja kitunguu kingine kipandwe. Unapenda udongo wa ubaridi, kwa hiyo si Nyali utakapoumiza, ni shamba la mtu wa Meru.

La mwisho kutoka kwangu, na ndilo muhimu kuliko yote kwa yule mama wa kachumbari. Tunalo ua letu la duara hapa Afrika Mashariki, Scadoxus multiflorus, lile jekundu linalochomoza vichakani mvua zinapoanza, mara nyingi kabla ya majani yake kuonekana. Kwa umbo, mtu aliyeona picha za Uholanzi atasema ni ndugu yake. Nalo limo katika familia moja na vitunguu, Amaryllidaceae, lakini ni la upande wenye sumu. Kuna sehemu za Afrika ambako limetumika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Hivyo jirani aliyesema maua ya namna hiyo yana sumu hakuzungumza upuuzi. Mayungiyungi mengi yanayopandwa hotelini, ya jenasi za Crinum, Hymenocallis na Zephyranthes, yana sumu kweli, na majani membamba ya Zephyranthes yakiwa hayajatoa maua yanafanana sana na ya mmea wenu. Harufu ndiyo hakimu: ponda majani kwenye vidole, na kama hayanuki kitunguu wala saumu, hayaingii jikoni. Ila fanya jaribio hilo kwa jani moja moja na kwa mikono iliyooshwa, kwa sababu ukishika Tulbaghia kwanza, kila utakachoshika baadaye kitanuka thomu.

MpishiWaMjiWaKale alijibu:

Mzee wangu, shikamoo, umemaliza upande wa shambani. Mimi nitasema upande wa jikoni, kwa sababu nimeupika mmea huu kwa muda sasa na nina maoni yangu juu yake.

Unalika, majani na maua. Huko kwao Afrika Kusini Wazulu huyapika majani kama mboga na huyatumia kukolezea nyama na viazi. Ladha yake ni ya thomu yenye ukali kidogo wa pilipili, lakini haikai mdomoni muda mrefu kama thomu ya sokoni. Chuma majani machanga ya katikati, yale ya nje yana nyuzi na hutafunika kwa shida. Yakate vipande vyembamba sana kwa kisu kikali, wakati huo huo unaotaka kuyatumia. Ukiyakata asubuhi ukayaacha hadi adhuhuri yanakuwa na harufu nzito isiyopendeza, na huwezi kuirudisha ile ya kwanza. Maua ni matamu kuliko majani. Hunyambuliwa moja moja kutoka kwenye kishada, na yakinyunyizwa juu ya kachumbari ya nyanya na embe bichi, rangi yake na ukali wake vinakaa vizuri pamoja na ndimu.

Mahali usipoteze nguvu zako ni kwenye mchuzi wa nazi, biriani au pilau. Moto mrefu huiua ladha yake yote, na kinachobaki ni majani yaliyolegea. Samaki wa kupaka akishatoka kwenye jiko la makaa ndipo unamwagia majani mabichi juu yake, dakika ya mwisho, na hapo unaona faida yake. Kwenye viazi karai pia, ukiyachanganya kwenye ule ukwaju wa kuchovyea. Lakini mtu asije akadhani ameepuka kununua thomu. Ya Marikiti ina nafasi yake, na hii ina yake.

Kwa kuwa Mzee ametaja vitunguu vya mwituni vya Iran, niongeze kwamba wenyewe huko hawaviachi kuwa mapambo tu. Upo mmoja, Allium stipitatum, wenye duara la zambarau kama la picha za binti yako, ambao tunguu lake huchimbwa kwenye milima ya Zagros, hukatwa vipande, hukaushwa, kisha hulowekwa majini na kuchanganywa na mtindi mzito wa kuliwa na nyama ya kuchoma. Wazungu nao wana Allium ursinum, wenye maua meupe, unaoota chini ya miti msituni, na kila majira ya kuchipua huchuma majani yake kwa supu na rojo za kupaka. Nao wana balaa lao: majani hayo hufanana na ya mimea miwili yenye sumu kali, Convallaria majalis na Colchicum autumnale, na watu wamekufa kwa kuchanganya.

Jambo moja kwa mama wa jengo la nyuma. Asichume kwenye ukingo wa njia ya magari. Kando ya njia kuna moshi, mafuta ya gari, paka na mbwa, na sehemu nyingi hupulizwa dawa ya wadudu bila mtu kutangaziwa. Achukue kichaka kimoja, akipande kwenye chungu barazani kwake, na aanze kuchuma majani mapya yatakayochipuka hapo. Maua yakimzidia anaweza kuyatia kwenye chupa ya siki. Siki hugeuka rangi ya waridi, na inafaa sana kwa saladi.

BintiNyali aliandika tena:

Ninawashukuru wote wawili kwa ukarimu wa maelezo. Nimefanya jaribio la ua, na vile vijinyama vitatu nimeviona, kwa hiyo jina tumelipata. Naomba kuongeza maswali mawili yaliyotoka kwa wakazi. Mama huyo huyo anasema mtu alimwambia kwamba majani haya yanashusha presha, na yeye ni mtu wa dawa za presha kila siku. Pili, makazi yetu yana paka wengi, na wenye paka wanataka kujua kama mmea huu utawadhuru. Suala la nyoka pia bado halijajibiwa.

MfamasiaLikoni alijibu:

Bi Katibu, nitaanza na la presha kwa sababu ndilo linaloweza kumfikisha mtu hospitalini.

Jani zima la Tulbaghia halinuki sana. Linaponyambuliwa, kimeng'enya kilichotengwa ndani ya seli hukutana na kemikali yenye salfa, na hapo ndipo harufu na ukali huzaliwa. Kwenye saumu kemikali hiyo ni alini, ambayo hugeuka kuwa alisini. Kwenye Tulbaghia ni marasmini, nayo hugeuka kuwa marasmisini. Zote mbili huua baadhi ya bakteria na ukungu katika vyombo vya maabara. Hii pia ndiyo sababu ya aliyoyasema mpishi wetu juu ya moto, kwani joto hukiharibu kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake.

Wazulu na Waxhosa wametumia mmea huu kwa vizazi vingi kutibu kikohozi, homa na minyoo, na watafiti wa Afrika Kusini wameonyesha kwamba dondoo zake hushusha shinikizo la damu kwa panya wa maabara. Huenda hapo ndipo maneno aliyoambiwa mama yalipoanzia. Lakini dondoo iliyopimwa kwa gramu na kupewa panya haiwezi kulinganishwa na majani ya kachumbari, wala haimpi mtu ruhusa ya kuacha vidonge alivyoandikiwa. Kinachonitia wasiwasi ni mtu kuchemsha majani gunia zima na kunywa chai yake kila siku juu ya vidonge, kwa nia ya kuongeza nguvu ya dawa. Presha ikishuka mno mtu huanguka, na kwa mtu mzima kuanguka bafuni ni jambo zito. Zaidi ya hayo, matumizi ya kupita kiasi ya mmea huu yameandikwa kusababisha maumivu makali ya tumbo na kuharisha. Kiasi cha kiungo kwenye chakula hakina tatizo kwa mtu mwenye afya. Dawa ya kunywa kila siku aijadili na daktari wake kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aongeze tahadhari, maana saumu yenyewe inajulikana kuongeza hatari ya kuvuja damu, na ndiyo maana wagonjwa wanaosubiri upasuaji huambiwa waache vidonge vya saumu mapema.

Nimefurahi mpishi alisema siki, wala hakusema mafuta. Saumu au majani yake yakitiwa mbichi ndani ya mafuta na chupa ikaachwa kabatini kwa joto letu, hapo pana mazingira hasa yanayopendwa na Clostridium botulinum: hakuna hewa, hakuna asidi, kuna joto. Sumu ya bakteria huyo hulemaza misuli ya kupumulia, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kisinuke wala kisibadilike rangi. Kwenye siki asidi humzuia.

Juu ya paka: vitunguu vyote vya jenasi ya Allium, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka na mbwa, na paka ndiye dhaifu zaidi. Tulbaghia ina kemikali za jamii hiyo ya salfa, kwa hiyo mwenye paka aichukulie kwa tahadhari ile ile. Kwa kawaida paka huikwepa harufu hiyo wenyewe. Hatari kubwa zaidi ni masalio ya mchuzi wenye vitunguu ambayo watu huwamwagia paka wa mtaani kwa kuwahurumia. Paka akionekana mnyonge, fizi zimepauka na mkojo umekuwa mwekundu au wa kahawia, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nyoka sasa. Ni kweli kwamba Wazulu huupanda mmea huu kuzunguka nyumba zao kwa imani hiyo, na mimi siidharau desturi ya watu. Lakini tazameni nyoka wetu wa pwani wanavyoishi. Yule wa kijani mwenye sumu kali, Dendroaspis angusticeps, maisha yake yako juu ya miembe, mikorosho na minazi. Ukingo wa maua chini hauhusiani naye hata kidogo, na tawi linalogusa paa ndilo mlango wake. Kifutu hufuata panya, na panya hufuata takataka. Kijana wenu wa bustani apogoe matawi yaliyoegemea majengo, aondoe marundo ya mawe na makuti, na pipa la taka lifunikwe. Mtu akiumwa, mmea huu si dawa ya kupaka kwenye jeraha. Akimbizwe hospitali bila kufungwa kamba wala kuchanjwa kwa wembe.

KitaluMtwapa alijibu:

Nimeufuatilia uzi huu kwa hamu kwa kuwa ni bidhaa ninayoishi nayo, na nina mawili matatu ya kuongeza upande wa upandaji, pamoja na malalamiko ya harufu ambayo naona yamesahaulika.

Ardhi ya Nyali, Bamburi na huku kwetu ni mchanga juu ya jiwe la matumbawe, yenye chokaa nyingi. Tulbaghia haiogopi chokaa kama mimea mingine, lakini kwenye udongo mtupu wa namna hiyo majani huweza kugeuka manjano katikati ya mishipa, kwa sababu chokaa huufungia mmea madini ya chuma. Mbolea ya dukani haisaidii sana hapo. Kinachosaidia ni samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri na mboji, zichanganywe hadi kina cha jembe kabla ya kupanda, kisha ziongezwe juu juu kila mwisho wa masika. Angalieni pia maji mnayonyweshea. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi, na ingawa mmea huvumilia upepo wa bahari, ukinyweshewa maji ya chumvi kaskazi nzima bila mvua ya kusafisha udongo, ncha za majani zitaungua.

Nafasi ya sentimita 25 kati ya kichaka na kichaka inatosha. Kila baada ya miaka miwili au mitatu vichaka hubanana na maua hupungua. Hapo fukua kichaka kizima, kung'uta udongo, kishike kwa mikono miwili na ukipasue. Vishina huachana kwa mlio mkavu, na kila kipande kiwe na machipukizi kadhaa na mizizi yake. Punguza majani kwa nusu, panda siku hiyo hiyo, mwagilia. Mvua za vuli ndizo wakati mzuri; masika makubwa yanaweza kuozesha vipande vipya mahali ambapo maji yanatuama. Jua liwe kamili, kwani chini ya mwarobaini mtapata majani bila maua. Ipo pia aina yenye majani ya mistari myeupe, inayouzwa kwa jina la Silver Lace, ambayo ni nzuri sana kwa macho lakini hukua polepole, na bei yake huwa juu.

Kwa wakazi wanaotaka kitunguu cha jenasi ya Allium hasa, chenye ua na kinachokubali joto letu, nashauri Allium tuberosum, ambao asili yake ni China. Majani yake ni bapa, maua yake ni meupe, na huko China majani, mabua na hata matumba yake ni mboga ya kila siku. Hauhitaji baridi ili uchanue. Angalizo ni moja: mbegu za jamii ya vitunguu hufa haraka kwenye joto na unyevu, kwa hiyo pakiti iliyokaa dukani Mombasa mwaka mzima mara nyingi haioti kitu. Nunueni mbegu mpya na zikae kwenye chupa iliyofungwa ndani ya friji, au ombeni kichaka cha kupasua kwa mtu aliye nacho.

Sasa harufu. Msiung'oe mmea kwa ajili hiyo, Bi Katibu. Mmea uliotulia haunuki mpaka dirishani. Kinachonuka ni majani yanayojeruhiwa, na mashine au makasi makubwa huyajeruhi yote kwa pamoja. Mmea huu hauhitaji kukatwa kama nyasi. Kijana aondoe mabua yaliyokwisha kuchanua tu, kwa kuyashika chini na kuyavuta, pamoja na majani makavu ya nje. Vichaka vilivyo chini kabisa ya madirisha na vile vinavyokanyagwa na magari yanapogeuka vihamishiwe upande wa ukuta wa nje mvua za vuli zitakapoanza, na mahali pake mpande kitu kisicho na harufu. Kwa ukingo wa urefu mlio nao nadhani hamtahitaji kununua miche mipya, kwa kuwa vichaka mlivyo navyo vikipasuliwa vitatosha na kubaki vya kumpa yule mama wa kachumbari chungu chake.